Mgeni Hauziwi Jamu

Mpendwa Shangazi Yusra,

Naomba msaada wako, lakini tusianze na shida kama watu wasio na kwao, tuanze na salamu. Umri wako siujui, gazetini picha yako wameichora tu, basi kama umenizidi shikamoo, kama nimekuzidi nimeshaitikia marahaba, na kama tuko sawa habari za huko Tanga. Huku kwetu Lukozi ni nzuri, ukungu umeondoka, matunda damu yameiva mpaka matawi yanalala chini, na mimi Mama Dorkasi nina furaha na nina kilio kwa wakati mmoja, sijui nianze na kipi, acha nianze na furaha maana ndiyo kubwa.

Nimesoma hadi darasa la saba, lakini usinidharau kwa hilo, kwenye kusoma kwa sauti mwalimu alikuwa ananisimamisha mimi mbele ya darasa, na mpaka leo kanisani somo likiwa na majina magumu naitwa mimi. Dorkasi ndiye kitinda mimba wangu. Kwenye kilima chetu chote ni yeye wa kwanza kupata cheti cha chuo cha mambo ya vyakula, namna ya kuvisindika visiharibike, na alipomaliza watu walisema huyo ndiyo basi, atakaa mjini, atapata ofisi, tutamwona Krismasi akiburuza begi la magurudumu. Yeye akarudi na sufuria. Sufuria kubwa mpya, kaibeba kichwani kutoka barabarani, na mimi mama yake niliona fahari kuliko angekuja na gari. Akaniambia mama, kila mwaka matunda damu yanaoza chini ya miti yetu, na yasiyooza tunayauza kwa ndoo barabarani kwa bei ya kutia huruma, mimi nitayapika jamu.

Nikikusifia hiyo jamu usidhani nasema kwa sababu ni mama yake, nasema kwa sababu nina ulimi. Ni nyekundu inayoelekea weusi, ukiinamisha chupa inakuja taratibu kama mtu mwenye adabu, na utamu wake una ukali kidogo nyuma unaokurudisha na kijiko. Mume wangu Fanueli, ambaye maisha yake yote chai kainywa na kiazi kitamu, siku hizi asipoiona jamu mezani anauliza kama tumegombana.

Sasa Shangazi, biashara ya leo bila simu ni mnada bila spika. Dorkasi akafungua ukurasa Insta, akauita Jamu ya Dorkasi, akapiga picha chupa juu ya kitambaa cheupe, pembeni kaweka ua, chini kaandika maneno mazuri ya shule. Wakamfuata binamu zake, wenzake wa chuo, na mtu mmoja wa nchi za mbali anayeuza viatu. Basi, hapo hapo pakaishia. Alijifunza saa nzuri ya kuweka picha, alijifunza kuweka muziki, kila asubuhi akiamka anahesabu wafuasi kama mtu anayehesabu vifaranga baada ya kicheche kupita. Nikamwambia mwanangu, jamu haina mdomo, weka mtu. Akacheka, akasema mama haya mambo yana utaalamu wake.

Siku moja akashuka Lushoto kufuata mifuniko ya chupa, simu akaiacha nyumbani kwenye chaji maana usiku kucha umeme ulikuwa umekatika. Mimi niko jikoni nakoroga sufuria aliyoniachia, simu inalia, inalia tena, nikaisogelea. Kijana mmoja ameandika chini ya picha ya mwanangu neno moja tu, "Bei?" Hakuna habari, hakuna shikamoo, hakuna hodi. Shangazi wewe umelelewa, unajua. Huku kwetu milimani mtoto akikupita njiani bila kukuamkia unamsimamisha, unamuuliza wewe ni wa nani, ili ukamuulize mama yake kama bado mzima. Nikabonyeza pale ninapomwona Dorkasi anabonyeza, nikajitazama kwenye kioo cha simu, kilemba kimekaa, mwiko uko mkononi, nikaanza kumsemesha. Nilidhani naongea na yule kijana peke yake. Kumbe nasema na nchi. Nilisema hivi, na siku hizi watoto wa shule wanayajua kwa moyo:

"Wewe kijana uliyeandika bei. Mimi ni mama yake Dorkasi. Kwa watu hakufikiwi hivyo. Rudi mlangoni, piga hodi, niamkie, halafu uanze upya."

Nikarudi kwenye sufuria yangu, nikaendelea kukoroga.

Jioni Dorkasi anashuka kwenye bodaboda anakimbia, mifuniko inalia mfukoni kama kengele, kumbe huko Lushoto wamemwonyesha kwenye simu ya dukani. Tukaifungua yake. Shangazi, watu walikuwa wamejaa kwenye ule ukurasa kama siku ya gulio. Shikamoo mama. Hodi mama. Mama nimerudi mlangoni, nafungua viatu. Hata yule kijana mwenyewe alirudi, akaandika hodi mama, shikamoo, naitwa Zuberi, naomba radhi, nami nikamjibu marahaba baba, karibu ndani, na watu wakashangilia kama bwana harusi ameingia ukumbini. Dorkasi alilia kwa aibu, akacheka, akalia tena, hapo nadhani ilikuwa furaha.

Tangu siku hiyo hatujalala njaa ya watu. Haikuchukua muda wakapita elfu arobaini, na bado wanakuja. Dorkasi ananipiga picha nikikoroga, nikichuma, nikikamua ng'ombe, mimi naongea tu, nawasalimu onga mshi kwa Kishambaa chetu, wanajibu kila mtu kwa namna yake, wengine wanapatia, wengine Mungu anawaona. Nikimaliza kazi za asubuhi nakaa na simu naitikia, marahaba, marahaba, marahaba, Fanueli ananiambia kidole gumba kitaota sugu. Wengine ni watu wazima wenye vyeo. Wengine wako ng'ambo, yupo mmoja aliniandikia kwamba tangu mama yake afariki hajapata mtu wa kumwamkia, huyo nilimwitikia kwa video, na nilimtaja kwa jina. Makasha ya jamu yakaanza kupanda basi kwenda Tanga, Moshi na Dar. Bodaboda wa kijiweni wote wananiita Mama Marahaba. Jirani yangu Mwanahawa, muuza kabichi na karoti pale sokoni, mcheshi huyo hana mfano, alinitania mbele za watu, "Siku hizi kukuamkia wewe mpaka mtu awe na bando." Nikamwambia basi weka bando.

Sasa kilio, na kilio chenyewe kimeingia kwa mlango wa baraka. Watu walianza kuja wenyewe, kwa miguu yao.

Wa kwanza walikuwa kijana anaitwa Jamali na mchumba wake Lulu, wametoka huko huko kwenu Tanga, wamepanda kona zote zile za mlima na binti anatapika njia nzima, wameshuka Lukozi wanauliza kwa Mama Marahaba ni wapi. Walipiga hodi. Waliniamkia, yule binti akapiga na goti. Shangazi ungefanya nini? Nilichinja jogoo, nikasonga ugali, nikaongeza mnavu, nikampa binti sweta langu maana alikuwa anatetemeka kama jani. Walipotaka kuondoka Jamali akasema mama tunaomba chupa mbili za jamu, huku anachomoa pochi. Niliona kama amenichomolea kisu. Mtu amekula kwenye sufuria yangu, ameketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, halafu atoe pesa? Nikamwambia rudisha hiyo pochi baba, kwetu mgeni hauziwi. Nikaingia stoo, nikachukua chupa mbili, nikazifunga kwenye gazeti, nikaongeza na mapeasi, nikawasindikiza mpaka barabarani, nikasimama nao mpaka wakapata gari. Mama yangu mzazi ndivyo alivyotulea, mgeni haondoki mikono mitupu, hata kama ni kiazi kimoja atatoka nacho.

Wale watoto wakaenda kuyasimulia kwenye ukurasa wao, na picha wakaweka. Basi ikawa hodi juu ya hodi. Wamekuja walimu wa Lushoto, wamekuja vijana wa pikipiki kubwa kutoka Moshi, imekuja kwaya nzima na sare zake, wakaimba uani mpaka ng'ombe akagoma kukamuliwa. Wote wamekula, wote nimeingia stoo nikawatolea chupa, wote nimewasindikiza. Si kwamba walikataa kununua, wengine tulivutana mikono mpaka nikawakemea. Dorkasi akaniambia mama, hao ni wateja. Nikamwambia mteja ni yule wa kwenye simu, aliyeketi kwangu ni mwanangu. Akasema, "Kwa hiyo nina ndugu elfu arobaini." Mimi na Fanueli tulicheka sana. Sikuangalia kama na yeye anacheka.

Sasa juzi hapa tulikuwa laivu. Sijui kama umeshawahi kuwa laivu Shangazi, ni kama kusimama juu ya gari la matangazo, watu wanapita mbele yako wanakuamkia huku mioyo midogo midogo inapanda hewani. Nilijawa na furaha. Matunda damu yako nyuma yangu mekundu, jua limetoka, nikasema nyinyi wote mnaoniamkia kila siku, matunda yameiva, njooni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, mlango uko wazi, mtakula, mtashiba, na hakuna atakayetoka kwangu mikono mitupu. Wakaanza kuandika tunakuja mama, tunakuja, tumeshapanga basi. Nilimtazama Dorkasi aliyeshika simu, nikaona uso wake umekatika kama maziwa.

Maana nilisahau jambo. Kuna hoteli moja pale Lushoto inapokea wageni wa kutoka nje, mwenye nayo ni mama mkali lakini wa haki, ameonja jamu ya mwanangu akamwambia niletee makasha Jumatatu inayofuata hiyo Jumamosi, ukinifikishia kamili na kwa wakati nitachukua kwako mwaka mzima. Mwaka mzima Shangazi, hiyo si ya kwenye simu, hiyo ni kazi. Jamu ya hoteli ndiyo hiyo iliyoko stoo, hakuna nyingine, chupa tupu za kujazia nyingine bado zinasubiriwa kutoka mbali. Dorkasi alizima simu, akaniambia taratibu, hakunipandishia sauti, afadhali angepandisha:

"Mama, wafuasi ni wako. Jamu ni yangu. Wakiimaliza Jumamosi, Jumatatu sitashukia Lushoto, nitapitiliza mpaka Tanga nikatafute kuajiriwa."

Kesho yake akanunua kufuli, akafunga stoo. Kufuli Shangazi, ndani ya uwanja wangu, kwenye mlango alioupigilia baba yake. Ananiamkia, hajaacha, nimemlea vizuri, lakini shikamoo yake imekuwa ya ofisini, anaitoa huku macho yako pengine. Picha hapigi tena. Wafuasi wanauliza mama yuko wapi, mama anaumwa?

Fanueli anasema tangaza kwamba unaumwa, watu wasije. Mimi kujiita mgonjwa siwezi, ugonjwa una masikio. Kuwafukuza wageni niliowaita kwa mdomo wangu siwezi. Kumuuzia mtu aliyeniamkia nyumbani kwangu siwezi, mkono haunyooki kupokea. Na mwanangu kupanda gari la Tanga na ile sufuria kubaki imepinduliwa ukutani, hilo ndilo siwezi kabisa. Na nikuambie ukweli, bila mimi ule ukurasa mpaka leo ungekuwa na binamu zake na muuza viatu. Nifanye nini?

Hongea kwa kunisikiliza, ndiyo asante yetu hiyo. Na ukipata nafasi utufuate Insta, usisahau kupiga hodi.

Ni mimi,
Mama Dorkasi, Lukozi.

Nimesahau. Pamoja na barua hii nakutumia chupa moja ya jamu kwa kondakta wa basi. Si ya stoo, stoo imefungwa, hii ilikuwa imebaki kabatini kwangu. Huwezi kuniandikia ushauri ukiwa mikono mitupu.

*

Shangazi Yusra anajibu:

Marahaba, Mama Dorkasi. Nimekuzidi, tena si kidogo, mchoraji wa gazeti alinihurumia.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi nikaisoma tena, na hapa ofisini imezunguka meza zote kwa sababu kumbe nusu yao wanakuamkia kila asubuhi kabla hawajaniamkia mimi. Hongera, na naisema kwa moyo mweupe. Kuna wenye maduka makubwa wanalipia matangazo mwaka mzima hawapati hodi za siku yako moja. Hukutumia ujanja wowote. Watu walikuwa na hamu ya mama wa kuwarudisha mlangoni, ukatokea na mwiko. Na ulimwambia Dorkasi ukweli, jamu haina mdomo. Usimruhusu mtu akuambie uache kuongea, hata huyo Fanueli wako.

Nimemaliza kukusifu. Sasa kaa vizuri.

Nimeipekua barua yako nikitafuta kitu kimoja, sijakiona. Yule Zuberi aliuliza bei. Ukamrudisha mlangoni, akarudi. Akapiga hodi, akakuamkia, akaomba radhi, akataja na jina lake. Ukamkaribisha ndani, watu wakashangilia. Je, alijibiwa bei? Mpaka leo, mama, kijana wa watu amesimama sebuleni kwako kavua viatu anasubiri kujibiwa. Na nyuma yake wamesimama elfu arobaini. Wanakujua wewe, wanamjua ng'ombe wako, wanajua mpaka namna unavyofunga kilemba. Makasha yamepanda basi, sawa, lakini waulize wengi wao jamu ya mwanao inauzwaje na wataipataje, uone watakavyotazamana. Kuamkiwa ni haki yako, lakini aliyeamkia naye ana haki ya kuhudumiwa. Kuanzia leo kila marahaba yako iandamane na neno moja la jamu: bei ni hii, inatumwa kwa basi, muulizeni Dorkasi. Na Dorkasi mwenyewe mtoe nyuma ya simu asimame mbele na wewe, aseme, watu waione sura ya anayepika. Ukurasa una jina lake, si lako.

Halafu mila. Hapa usiniogope, sitakuambia umuuzie mgeni chakula. Nimezaliwa kwa watu, najua pochi ikichomolewa baada ya kula inavyochoma. Lakini mila yenyewe umeikumbuka nusu. Mgeni hupewa kilicho cha mwenye nyumba. Jogoo alikuwa wako, ugali wako, sweta lako, mapeasi ya shamba lako. Ile jamu ilikuwa ya nani? Mwanao kaibeba sufuria kichwani, kachemsha chupa, kasaga mguu kwenda Lushoto kufuata mifuniko, halafu wewe unaingia stoo unatoa kwa mikono miwili na unapokea sifa ya ukarimu. Ukarimu wa kitu cha mwenzako una jina jingine, sitaliandika gazetini.

Na hili ndilo lililonifanya nikae. Umewafundisha watu wa nchi nzima kwamba kwa watu hakufikiwi hivyo, mtu hupiga hodi kwanza. Stoo ya Dorkasi wewe ulikuwa unaingia bila hodi. Lile kufuli lisikutie hasira. Mtoto hana mdomo wa kumwambia mama yake rudi mlangoni uanze upya, amekuambia kwa chuma.

Basi rudi mlangoni, mama. Leo, kabla jua halijazama, nenda pale stoo, piga hodi kama unavyotaka kupigiwa. Usiende na simu, hii si ya laivu. Mwambie kwa mdomo wako kwamba jamu ni yake na hutatoa hata chupa moja bila yeye. Usimweleze habari za binamu na muuza viatu. Anajua. Halafu nyamaza umsikilize, najua ni kazi ngumu kwako kuliko kusonga ugali wa kwaya.

Wageni usiwafukuze, na ugonjwa usijiite, hapo umemshinda mumeo kwa akili. Waache waje. Lakini mzigo wa hoteli kwa nini ungoje Jumatatu? Yule mama alisema asicheleweshewe, hakukataza kuwahishiwa. Dorkasi ampigie leo aombe kuufikisha Ijumaa, akikubali mzigo ushuke Lushoto, usainiwe, ndipo Jumamosi mfungue mlango na mioyo imetulia. Akikataa, basi kufuli libaki lilipo na ufunguo ubaki kwa mwenyewe.

Siku yenyewe, chakula ni chako. Pika kama ulivyozoea, ila mwite Mwanahawa na karoti zake na kina mama wa jirani, usijiue. Mezani pawe na chupa moja ya jamu imefunguliwa, aliyoitoa Dorkasi kwa hiari yake, kila mtu aonje na kijiko. Na ahadi yako ya mikono mitupu itimize kwa kilicho chako: wapeleke mitini wachume matunda damu wenyewe, kila mtu ajaze mfuko mdogo. Watu wa mjini watafurahi kuchuma kuliko kupewa, na picha watakazopiga zitakuletea wengine elfu kumi, utaniambia.

Kisha wasindikize. Hapa ndipo barua yako ilinijibu kabla sijafikiri. Mgeni wako humwachi kizingitini, unafika naye mpaka barabarani. Vizuri sana. Basi pale njia yenu inapokutana na barabara, nje kabisa ya uwanja wako, Dorkasi aweke meza. Kitambaa chake cheupe, ua lake, chupa zilizobaki baada ya hoteli, na bei imeandikwa kubwa. Kama chupa hazijabaki, aandike majina ya wanaotaka na gari litawafikishia. Wewe njoo na wageni wako mpaka hapo, waage, wape mkono, waambie safari njema. Ukishasema safari njema ugeni umekwisha, yule sasa ni mtu aliyesimama barabarani mbele ya meza, na aliyesimama barabarani huuziwa tangu enzi za ndoo. Halafu geuka urudi nyumbani kuchukua wengine. Usibaki pale mezani, Mama Dorkasi. Nakujua sasa, mkono wako utatoa.

Laivu nyingine uiombe kwa Dorkasi, na kabla hujawaita watu tena umtazame usoni kwanza, siyo baadaye.

Chupa uliyonitumia imefika salama. Iko mezani kwangu, haijafunguliwa, ingawa mjukuu wangu anaizunguka kama nyuki. Nina ndugu Gare, huko huko milimani kwenu, nimechelewa kuwatembelea, kwa hiyo Jumamosi hiyo nitapanda, na hizo kona nitazimeza. Nitapiga hodi. Wewe utaniamkia, maana nimekuzidi. Nitakula nishibe, nitachuma, utanisindikiza. Pale barabarani nitamkabidhi Dorkasi chupa yake aipange na wenzake, nitamuuliza habari za mama yake, kisha nitauliza lile neno moja la Zuberi.

Nataka nijibiwe na yeye, na wewe uwe umeshageuza mgongo unarudi jikoni.